Skola ya softiboli: Mkono upo, cheti kiko kwa mwalimu mkuu

Jumamosi saa nne asubuhi, ukishuka matatu ya 46 pale Kawangware na kukata kona mbili tatu, utakuta kiwanja cha murram kilichobanwa kati ya ukuta wa kanisa na karakana ya kuchomelea mageti. Wasichana kama kumi na watano. Glavu saba. Zote zimetoka Toi Market, kwenye marobota ya mitumba, na mbili kati ya hizo ni za mashoto, kwa hivyo mwenye mkono wa kulia akipewa anabaki kuivaa kinyume na kuomba Mungu. Mmoja akimaliza zamu ya kudaka, anavua glavu na kumpa mwenzake.

Anayesimama katikati na kurusha mpira ni binamu yangu. Mkono wake unazunguka kama panga la feni, mpira unatoka chini karibu na paja, na kabla hujapepesa jicho umeshapiga glavu: pah! Mtu wa karakana huwa anazima mashine kidogo ili aangalie.

Binamu alifanya KCSE mwaka wa 2024. Machi mwaka uliofuata, kochi wa chuo kidogo cha miaka miwili huko Marekani alimjibu baruapepe. Alikuwa ameona klipu ya dakika mbili ambayo mwalimu wa michezo alichukua kwa simu. Alitaka vitu viwili tu: tarehe ya kuzaliwa na nakala rasmi ya matokeo ya mtihani. Basi. Hakuuliza kama Kenya kuna uwanja wala kama timu imewahi kushinda kombe.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo nyumbani. Matokeo yalikuwa kwenye kabati la ofisi ya shule, na shule ilikuwa inamdai Sh38,000.

Nataka tuongee kuhusu hilo kabati. Kila mara tukizungumzia vijana na skola za michezo, hadithi inakuwa ya kipaji: nani ana mbio, nani ana mkono, nani ana urefu. Ukikaa na hawa wasichana wiki chache utaona kipaji ndicho kitu ambacho hakijawahi kukosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kushughulikia makaratasi, tena mapema.

Pesa ya softiboli iko wapi

Najua swali lako. Softiboli? Kenya hii? Si ungemwambia akimbie?

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe. Kama ulisoma shule ya msingi hapa Nairobi, dada yako alicheza raunda. Softiboli ni kama dada mkubwa wa raunda: kuna mrushaji, mpigaji, besi nne na kukimbia. Ulizaliwa Chicago mwaka wa 1887, ukianza kama besiboli ya kuchezea ndani ya ukumbi. Leo kwenye vyuo vya Marekani besiboli ni ya wanaume na softiboli ni ya wanawake, na hapo ndipo pesa inapoingia.

Mwaka wa 1972 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Title IX. Inasema shule au chuo kinachopokea pesa za serikali kuu hakiwezi kubagua wanafunzi kwa misingi ya jinsia, na michezo imo. Vyuo vikalazimika kutafutia wanawake timu na ufadhili wa kulingana na wa wanaume. Softiboli ikapanda na hilo wimbi. Sasa hivi, ukijumlisha madaraja matatu ya NCAA, kuna vyuo karibu elfu moja vyenye timu ya softiboli, na hapo bado hujahesabu vyuo vya NAIA na vile vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA.

Na si mchezo wa vichochoroni. Mwaka wa 2024 mrushaji NiJaree Canady alihama kutoka Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa matangazo wa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka mmoja. Msichana wa chuo, softiboli, dola milioni. Mwaka wa 2028 mchezo huu unarudi Olimpiki ya Los Angeles baada ya kukosekana Paris.

Kwa hivyo mtu akikuambia hakuna pesa kwenye softiboli, anaongelea Kenya, na hajakosea sana. Nje, pesa ipo. Lakini ina masharti, na ni wachache wanaowaeleza hawa wasichana masharti hayo.

"Skola" si lazima iwe skola nzima

Hapa ndipo wengi huanguka. Ukisikia neno skola, kichwani unaona karo, chakula, chumba na tiketi ya ndege. Kwenye softiboli mara nyingi sivyo.

Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza la NCAA iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili wa wachezaji 12 pekee, na kochi alikuwa na ruhusa ya kuukatakata na kuugawia wachezaji 20 na zaidi. Mmoja anapata nusu, mwingine robo, mwingine pesa ya vitabu. Daraja la Pili wana 7.2 kwa timu nzima. Ndiyo, saba nukta mbili, kwa sababu zinagawanywa kama keki ya harusi. Daraja la Tatu hawatoi hata senti kwa sababu ya mchezo. Vyuo vya Ivy League, kina Harvard na Yale, viko Daraja la Kwanza lakini navyo havitoi ufadhili wa michezo. Msaada wao unafuata hali ya familia yako, na kuingia kwenyewe ni kwa gredi.

Juni 2025 mambo yalibadilika. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maafikiano ya kesi ya House dhidi ya NCAA. Kwa vyuo vilivyokubali kujiunga, kikomo cha ufadhili kimeondolewa na badala yake kuna kikomo cha idadi ya wachezaji. Softiboli ni 25. Kwenye karatasi chuo kinaweza kuwafadhili wote 25 kikamilifu. Vilevile vyuo hivyo sasa vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Lakini sehemu kubwa ya hizo hela inaenda kwa kandanda yao ya Kimarekani na mpira wa vikapu. Na nafasi zikiwa 25 tu, kochi atafikiria mara mbili kabla ya kumpa moja mtu ambaye hajawahi kumwona akicheza.

Kwa mtu wa Kawangware, mlango ulio karibu zaidi ni ule ambao watu hupuuza: vyuo vya miaka miwili. Daraja la juu la NJCAA linaruhusu hadi skola 24 za softiboli kwa timu. Unacheza miaka miwili, unapandisha gredi, makochi wa vyuo vikubwa wanakuona kwa macho yao, kisha unahamia chuo cha miaka minne. Kochi aliyemwandikia binamu yangu alitoka huko.

Sasa tupige hesabu ya mtaani. Chukua mfano wa chuo kinachogharimu dola 30,000 kwa mwaka, kila kitu ndani. Kochi anakupa asilimia 60. Mtaani wataimba na kukuchinjia kuku. Lakini asilimia 40 iliyobaki ni dola 12,000, na kwa kiwango cha Sh129 hiyo ni zaidi ya Sh1.5 milioni kila mwaka. Chuo hakitakupa fomu ya I-20, ile ya kuombea visa ya mwanafunzi, kabla hujaonyesha pesa hizo zitatoka wapi. Ukiipata bado kuna ada ya SEVIS dola 350 na ada ya visa dola 185, na hizo hazirudi hata ukikataliwa. Tangu Juni 2025 pia wanakutaka uache akaunti zako za mitandao wazi wazikague. Yale matusi uliyoandika usiku wa mechi ya Arsenal, yafikirie.

Na zile dola milioni za Canady? Mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya F-1 hubanwa sana kwenye kufanya kazi na kulipwa, kwa hivyo biashara ya matangazo inayowatajirisha Wamarekani kwake ni hatari. Anaweza kupoteza visa. Yaani binamu yangu angeweza kucheza timu moja na msichana anayelipwa mamilioni, yeye mwenyewe awe na ruhusa ya kuosha vyombo kantini ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki.

Sisemi haya kumvunja mtu moyo. Nayasema kwa sababu swali la kwanza la kumuuliza kochi ni: "Asilimia ngapi, ya nini, kwa miaka mingapi?" Asiyejua kuuliza hivyo anafika Gigiri kwenye ubalozi akiwa na furaha tu mfukoni.

Saa inahesabu

Kitu cha pili wasichotuambia ni muda.

Makochi wa softiboli wa Daraja la Kwanza wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana na mchezaji Septemba mosi ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kwa mpangilio wa 8-4-4, hapo uko Kidato cha Tatu na kichwa chako kiko kwenye kombi ya masomo na ratiba ya usafi wa bweni. Wenzako wa Texas na California wakati huo wameshacheza mashindano ya likizo miaka minne mbele ya makochi walioketi na kalamu.

Halafu ukimaliza sekondari, saa nyingine inaanza. Kwa muda mrefu kanuni ya NCAA kwa michezo mingi imekuwa kwamba una takriban mwaka mmoja wa neema. Ukiendelea kucheza mashindano rasmi baada ya hapo bila kujiunga na chuo, unaanza kupunguziwa misimu ya kucheza. Sasa fikiria maisha ya kijana wa Nairobi. Anamaliza mtihani Novemba. Matokeo Januari. Anakaa nyumbani akisubiri mambo ya HELB na nafasi ya chuo, anauza smoki na mayai kidogo, anacheza ligi wikendi. Anadhani anajinoa, kumbe anakula misimu yake mwenyewe.

Na kuna karatasi. NCAA ina kituo kinachokagua kila mchezaji anayetaka kucheza Daraja la Kwanza au la Pili: masomo na uhalali wake kama mchezaji wa ridhaa. Mchezaji wa kigeni anatakiwa kuleta rekodi za masomo kuanzia darasa la tisa, yaani kwetu Kidato cha Kwanza, pamoja na cheti cha mwisho. Hisabati, Kiingereza, sayansi na masomo ya jamii vinahesabiwa, na wastani wa chini wa kucheza Daraja la Kwanza ni 2.3 kwa kipimo chao cha nne. Kwa lugha ya hapa, D ya hesabu uliyoichekea Kidato cha Pili itakuja kukutafuta.

Turudi kwenye lile kabati. Sheria ya KNEC ya mwaka wa 2012 hairuhusu shule kushikilia cheti cha mtahiniwa. Wizara imetoa amri, mawaziri wameonya, na bado mzazi akienda shuleni anaambiwa "lipa kwanza, mama, halafu tuongee." Shangazi yangu anauza mboga Kangemi. Alienda mara tatu. Mara ya tatu alibeba nakala ya sheria niliyomchapishia kwenye saiba ya Tom Mboya. Akaambiwa sheria ni nzuri sana, lakini wapishi wa shule hawalipwi na sheria.

Nitakuwa mkweli, huyo karani naye ana hoja. Shule nyingi zinadai wazazi mamilioni na serikali inachelewesha mgao wa wanafunzi. Lakini fikiria tunachofanya: deni la mzazi tunalidai kwa kumfungia mtoto mlango pekee ambao ungemwezesha kulilipa.

Waganda walishaonja

Kama unaona naongeza chumvi kuhusu karatasi, tazama majirani.

Mwaka wa 2011 timu ya watoto ya besiboli kutoka Kampala, Rev. John Foundation, ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Kutno, Poland. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu Kombe la Dunia la Little League, lile la Williamsport, Pennsylvania. Watoto wa miaka 11 na 12. Hawakwenda. Marekani iliwanyima visa kwa sababu hati za umri na za kuzaliwa hazikuwiana. Mahasimu waliokuwa wacheze nao, watoto wa Langley, Canada, walisafiri hadi Uganda mwanzoni mwa 2012 ili ile mechi ichezwe hata kama imechelewa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tuige. Waganda hawakukaa kulia. Mwaka huohuo wa 2012 timu ya Lugazi ilifuzu, na safari hii karatasi zilikuwa sawa. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport, na ikaifunga timu ya Oregon 3-2 katika mechi ya faraja. Mwaka wa 2015 Uganda ikashinda mechi yake ya kwanza ya mashindano yenyewe, dhidi ya Jamhuri ya Dominika, nchi inayokula na kulala besiboli. Miaka kumi baada ya Lugazi, mwaka wa 2022, Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Nchi ni ileile, na hali ya maisha haina tofauti kubwa na yetu. Kati ya 2011 na 2012 mikono ya watoto wa Uganda haikubadilika. Faili ndizo zilizobadilika.

Ajenti wa ghorofa ya nne

Pengo la karatasi likiachwa wazi, kuna mtu atalijaza. Tembea kutoka Archives hadi Odeon uhesabu mabango: soma Canada, soma Poland, skola asilimia mia, visa ya uhakika. Mwezi wa Mei, wakati shangazi bado anazungushwa na shule, mtu alitupeleka kwa ajenti wa "skola za michezo" kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja la katikati ya jiji. Kijana mtanashati, lanyadi shingoni, picha za wanariadha ukutani. Hakuuliza gredi za binamu. Hakutaka hata kuona klipu. Aliuliza kama tunaweza kulipa Sh60,000 za "kufungua faili" leo au tutalipa kwa awamu mbili.

Shangazi alikuwa tayari kukopa kwenye chama chake. Niliomba tushuke kwanza tunywe chai. Hatukurudi.

Haikuwa akili yangu nyingi. Ni kwamba nilikuwa nafuatilia habari za Uasin Gishu. Wazazi kule walilipa mamia ya maelfu ya shilingi kila mmoja kupitia mpango uliobeba jina la kaunti, watoto wakasome Finland na Canada. Wengine walikwama nyumbani, wengine wakafika huko na karo haijalipwa. Agosti 2023 kesi iliyotajwa kuhusu Sh1.1 bilioni ilifika mahakamani. Kama mpango wenye nembo ya serikali unaweza kumwacha mzazi hivyo, ghorofa ya nne itakufanyia nini?

Kwa hivyo shika haya, na umtumie binamu yako:

Kochi halisi haombi pesa. Anaomba video, matokeo na tarehe ya kuzaliwa.

Karibu kila timu ya chuo ina fomu ya wachezaji wapya kwenye tovuti yake. Kuijaza ni bure. Jaza 50, usijaze tatu ukangoja muujiza.

Video isizidi dakika mbili tatu, bila muziki wa kelele. Onyesha kurusha, kudaka, kupiga, na kukimbia kutoka kwa mpigaji hadi besi ya kwanza, mita 18 na ushee, saa ya kupimia ikionekana. Ukikaribia sekunde tatu, watakuandikia.

Ada za NCAA na za visa unalipa mwenyewe kwenye tovuti rasmi. Mtu akitaka zipitie kwenye M-Pesa yake, shuka ngazi.

Ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya ubalozi inatoa ushauri kuhusu vyuo vya Marekani. Anzia huko kabla ya Odeon.

Serikali inalipa mwisho wa safari

Sasa tuje nyumbani. Mtaala wa CBC umeingiza softiboli kwenye elimu ya viungo. Imo vitabuni, na michoro ya kushika mpira imo. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu, na moja ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kenya anaweza kusema darasani kwamba michezo ndiyo masomo yake. Ni hatua, tusiidharau.

Na pesa za michezo zipo. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii iko tangu 2018. Pale Jamhuri, mwendo wa boda moja kutoka Kawangware, unajengwa uwanja wa watu 60,000. Agosti 2025, wakati wa CHAN, kila mchezaji wa Harambee Stars aliahidiwa na serikali Sh1 milioni kwa kila mechi watakayoshinda. Nilishangilia kama wewe na sauti ikanikauka. Vijana walistahili.

Lakini weka hiyo milioni moja ya mchezaji mmoja, mechi moja, kando ya deni la binamu yangu. Sh38,000 mara 26 haifiki milioni. Wasichana 26 na vyeti vyao mkononi.

Huo ndio mtindo wetu: tunamlipa kijana akishafika. Medali ikipatikana, hundi inakuja na kamera. Kabla ya hapo, wakati anahitaji pasipoti, cheti na mtu wa kumsomea kanuni za NCAA, yuko peke yake na ajenti.

Na si kwamba hatujui njia nyingine. Tangu 2004 kuna KenSAP, mradi ulioanzishwa na Mike Boit, yule wa medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners. Wanachukua wanafunzi waliofanya vizuri sana KCSE kutoka familia zisizojiweza, wanawakalisha Iten, wanawafunza mitihani ya Marekani, maombi na mahojiano, na wanafuatilia kila fomu hadi mtoto apande ndege. Wazo lilianzia kwenye mbio, lakini waligundua haraka kwamba anayefungua mlango wa Harvard ni gredi pamoja na mtu anayejua fomu inataka nini.

Nairobi inaweza kuwa na kitu kama hicho kwa michezo yote midogo: softiboli, magongo, kuogelea, tenisi. Sijasema jengo. Nasema chumba kimoja na watu watatu, kinacholipwa na Hazina ya Michezo. Kazi yao iwe kumsajili mchezaji akiwa Kidato cha Tatu au Gredi ya 11, kukagua hati za kuzaliwa mapema, kumlipia ada za ukaguzi, kusoma barua za makochi kabla hazijasainiwa, na kugomboa vyeti. Waweke kila mwaka hadharani orodha ya waliokwenda na asilimia walizopewa, ili ajenti wa ghorofa ya nne akose cha kuuza.

Je, softiboli ndiyo njia bora?

Kuna rafiki yangu kochi wa vikapu ambaye huniambia napotezea hawa wasichana muda. Anasema mpe mtoto mrefu mpira wa vikapu. Kuna ligi, kuna vyuo vya hapa vinavyofadhili. Ana mfano mzuri: Madina Okot, aliyetoka Mumias akiwa mchezaji wa voliboli, akafunzwa vikapu, akachezea Chuo Kikuu cha Zetech, kisha Mississippi State, na 2025 akajiunga na South Carolina ya kochi Dawn Staley. Huwezi kubishana na hiyo.

Namjibu hivi: binamu yangu ana futi tano na inchi tatu. Vikapu havimtaki. Mbio za Eldoret zimejaa. Softiboli inamhitaji mtu mwenye bega, macho na utulivu, na urefu si sharti. Lakini kochi ana haki kwenye jambo moja. Tazama safari ya Madina: katikati kulikuwa na chuo cha hapa Kenya kilichomlipia, kikamlea na kumweka kwenye macho ya watu. Softiboli yetu haina hilo daraja la katikati. Kama Zetech na USIU wanaweza kufadhili wanavikapu, chuo kimoja tu cha Nairobi kikifungua nafasi kumi za softiboli, hawa wasichana hawatalazimika kuruka kutoka murram hadi Marekani kwa hatua moja. Na wakikosa Marekani, watabaki na digrii. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo najua thamani ya hiyo sentensi.

Shangazi alimaliza kulipa lile deni Septemba, chama kikisaidia na mimi nikiuza kamera yangu. Cheti tulikipata Alhamisi. Siku hiyohiyo binamu alimwandikia kochi. Alijibu baada ya siku mbili, kwa upole: muhula ulishaanza Agosti, nafasi alimpa msichana mwingine, lakini atume klipu mpya akipata nafasi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tena murram. Alirusha mipira kama 60. Nilishika simu nikirekodi, mtu wa karakana akazima mashine bila kuombwa, na kasichana kadogo ka Kidato cha Pili kakamwuliza anaandikia nani. Binamu alimwambia. Kisha akamwuliza, kabla ya kumrudishia glavu: "Mlilipa karo yote muhula huu?"